Chuma Ulichokiokota Shambani: Namna ya Kukitambua Kabla Hujakiuza

Mvua za kwanza zikinyesha na watu wakishika majembe, karakana yangu ya kuchomelea hapa Tabora hupokea wageni wa aina moja. Jembe limegonga kitu, mtu amekichimbua, amekitia kwenye kiroba na kukifunga kwenye keria ya baiskeli. Anakitua mlangoni na kuuliza: "Fundi, hiki nini?"

Mpwa wangu naye alikuja hivyo. Alikuwa na chuma kizito, kimepinda kama ndizi, alichokikuta kwenye shamba la mihogo upande wa Usoke.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Kuna mtu kasema ni cha Mjerumani. Atanipa laki tatu. Ila kwanza nimpe elfu hamsini ya dawa ya kukipimia."

Hiyo elfu hamsini ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Watu wetu wanapoteza fedha, wengine wanapoteza vidole na uhai, kwa sababu ya vyuma ambavyo vingejulikana kwa sumaku, tupa, mzani wa jikoni na nusu saa ya utulivu. Nitaeleza hatua kwa hatua, na chuma cha mpwa wangu tutakwenda nacho mpaka mwisho.

Hatua ya kwanza: mikono nyuma

Kabla ya kushika, tazama umbo. Yapo maumbo ambayo hupaswi kuyagusa, kuyapiga teke, kuyafukua wala kuyamwagia maji:

- Mche wa duara wenye ncha upande mmoja, hasa ukiona pete ya shaba imeuzunguka karibu na kitako. Hilo ni kombora la mzinga.
- Kitu chenye mapezi mkiani kama samaki.
- Kitu cha ukubwa wa yai au embe dogo chenye mkono wa chuma ubavuni au pete ya kuvuta.
- Sahani nene ya chuma au plastiki iliyozikwa bapa.
- Risasi yoyote ambayo kichwa chake bado kimo kwenye ganda.

Kukaa ardhini miaka mia hakukifanyi kilipuzi kuwa salama. Kutu hula vizuizi vya usalama na kuacha baruti palepale. Mkoa wetu ulipiganiwa mwaka 1916, na Kigoma imepakana na nchi zilizopitia vita vya karibuni zaidi. Novemba 2017, kule Ngara mkoani Kagera, mwanafunzi alifika shuleni na bomu la mkono akidhani ni chuma chakavu. Lililipuka na kuua watoto. Ukiona umbo la namna hiyo, rudi kwa njia uliyojia, weka alama ya matawi ukiwa mbali, zuia watoto na mifugo, kisha mwambie mwenyekiti wa kitongoji au piga 112 uwapate polisi. Usilibebe kulipeleka kituoni. Waache waje wao.

Jambo la pili la hatari ni geni kwa wengi: kopo au silinda ndogo iliyo nzito kupita kiasi, yenye alama ya mabawa matatu kuzunguka kitone, mara nyingi nyeusi juu ya njano. Hiyo ni alama ya mionzi. Mwaka 1987, mjini Goiânia nchini Brazili, waokota vyuma walifungua kifaa cha hospitali iliyohamwa. Ndani mlikuwa na unga unaong'aa wa sizi-137, watu wakaugawana kwa kuupenda. Wanne walikufa. Kwetu wanaohusika ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na polisi watakufikisha kwao. Kazi yako ni kusogea mbali na kutoa taarifa.

Chuma cha mpwa wangu hakikuwa na ncha, pete wala tundu lililozibwa. Tukaendelea.

Hatua ya pili: andika kilipolala

Hapa ndipo karibu kila mtu hukosea. Huling'oa, hulileta mjini, halafu hulazimika kukumbuka. Nusu ya jibu imebaki shambani.

Kabla hujakiinua, kipige picha kikiwa palepale, rula ya shule imelazwa kando yake. Piga picha ya pili kwa mbali, ionyeshe mti, kichuguu au nyumba. Hifadhi nukta ya ramani kwenye simu. Kisha andika kwenye daftari: kilikuwa kina cha kiganja au cha mkono mzima? Udongo wa hapo ni mwekundu, mweusi, au una majivu na mkaa? Kimelala peke yake au kuna vipande vingine, vigae, chupa, mifupa? Reli iko hatua ngapi, na barabara, kisima, mwembe?

Miembe mikubwa niitaje peke yake. Ukikuta mstari wa miembe mizee hapa Tabora au Ujiji, watu wamepita, wamelala na wamepika hapo tangu zama za misafara. Chuma cha chini ya mwembe wa namna hiyo kina maana tofauti na chuma kilichoanguka kandokando ya lami.

Mpwa wangu alikumbuka mawili tu: kina cha kiganja, na hatua kama sabini kutoka tuta la reli. Nilimwambia azishike hizo sabini.

Hatua ya tatu: osha kidogo, usikwangue

Toa udongo kwa brashi ya meno kavu. Ukishindwa, tumia maji na ukaushe siku hiyohiyo kivulini. Usitumie maji ya betri, limau, brashi ya waya wala jiwe la kunolea. Herufi ndogo zilizogongwa juu ya chuma huishi kwenye ngozi ya juu kabisa. Ukiikwangua, umefuta jina la mwenye kitu. Sarafu ndiyo usiiguse kabisa: ikishang'arishwa, mtaalamu hawezi tena kuisoma vizuri na mnunuzi wa kweli huishusha thamani.

Sasa zima taa ya chumba, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni mwa kitu ili mwanga ukipapase juu juu. Herufi ambazo mchana hazikuonekana zitajitokeza kwa vivuli vyake. Pia unaweza kuwekea karatasi nyepesi juu yake na kupitisha mkaa taratibu.

Hatua ya nne: ni madini gani?

Anza na sumaku. Ile ya spika mbovu ya redio inatosha. Ikinasa kwa nguvu, una chuma. Isiponasa, una shaba, alumini, risasi (yaani madini yenyewe, si ya bunduki), zinki, au aina fulani za chuma kisichoshika kutu. Ikivuta kwa unyonge, fikiria mavi ya chuma, yaani masalia ya tanuri ya kufulia chuma, au jiwe la asili lenye chuma ndani, maana changarawe nyekundu za kwetu nyingine huvutwa kidogo.

Halafu piga tupa mara moja pembeni, mahali pasipo na herufi. Ndani ya kutu ya kijani utaona wekundu wa shaba nyekundu, ile wanunuzi wa vyuma chakavu wanayoiita kopa, au unjano wa shaba ya manjano. Risasi hukatika kwa ukucha na kuacha mstari wa kijivu kwenye karatasi. Alumini ni nyeupe na nyepesi.

Ndani ya chuma chenyewe kuna ukoo, na kuutambua kunasaidia sana. Chuma cha kusubu, kile cha ngoma za breki na bloku za injini, kikivunjika huonyesha chembechembe za kijivu kama sukari guru, na unga wake wa tupa ni mweusi. Chuma cha zamani kilichofuliwa kwa nyundo kikiliwa na kutu huonyesha nyuzi ndefu kama ubao mkavu. Mwenye mashine ya kukatia chuma ataona tofauti kwenye cheche: chuma laini hutoa mistari mirefu isiyochanua sana, chuma kigumu cha springi au patasi huchanua kama maua, cha kusubu hutoa cheche fupi nyekundu. Jaribio hili lifanyike kwa kitu kigumu kisicho na uwazi ndani, baada ya kuwa na hakika na hatua ya kwanza. Kitu kilichozibwa usikikate kamwe.

Hatua ya tano: kipime majini

Jaribio hili ndilo nilipendalo kuliko yote, kwa sababu halidanganywi na rangi. Unahitaji mzani wa jikoni wa kidijitali, bakuli la maji na uzi.

Pima kitu kikiwa kikavu, andika gramu. Weka bakuli la maji juu ya mzani, urudishe mzani kwenye sifuri. Sasa kining'inize kitu kwa uzi mpaka kizame chote bila kugusa chini wala ukingo. Mzani utaonyesha namba. Namba hiyo, kwa gramu, ndiyo ujazo wa kitu kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Alumini hutoa 2.7. Mavi ya chuma mara nyingi huwa kati ya 3 na 4. Chuma cha kusubu ni karibu 7.2, chuma cha kawaida 7.8, shaba ya manjano karibu 8.5, shaba nyekundu 8.9, fedha halisi 10.5, risasi 11.3, dhahabu tupu 19.3. Kitu chenye matundu kitikise ndani ya maji mapovu yatoke, na kiwe kizito zaidi ya gramu mia ikiwa mzani wako hausomi chini ya gramu moja.

Mzee mmoja aliniletea pete nene ya kijani aliyoambiwa ni dhahabu iliyopakwa sumu. Kavu ilikuwa gramu 254, majini ikaonyesha 30. Mia mbili hamsini na nne kwa thelathini ni 8.47. Shaba ya manjano. Tukaitazama kwa ndani, ikawa imelika upande mmoja tu: mhimili ulizunguka humo ukiwa umelala, uzito ukielemea chini. Ilikuwa bushi ya mashine. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema afadhali ameijua kabla hajauza mbuzi kumlipa mganga wa kuiosha.

Hatua ya sita: soma palipolika

Umbo linaweza kukupoteza, lakini kulika hakupotezi. Jiulize: wapi pamesuguliwa mpaka pakawa laini, wapi pana ngozi ya kalibu (umbo la kumiminia chuma) iliyo kama mchanga, wapi pamepigwa, wapi pamevunjika kwa kuzidiwa? Mahali pa laini ndipo kitu kilipogusana na mwenzake. Ukimjua mwenzake, umejua kazi.

Chuma cha mpwa wangu kilinaswa na sumaku, na unga wake wa tupa ulikuwa mweusi: cha kusubu. Mgongo ulikuwa na ngozi ya mchanga na kishikio katikati chenye tundu la kabari. Tumbo, upande uliopinda kwa ndani, lilikuwa laini. Kwa hiyo lilisugua kitu cha mviringo. Mviringo mkubwa kiasi gani? Hili linapimika. Weka rula kutoka ncha hadi ncha ya upinde, kisha pima kina cha katikati. Zidisha urefu kwa wenyewe, gawanya kwa kina mara nane, jumlisha nusu ya kina. Sisi tulipata urefu wa sentimita 28 na kina cha 2.5. Hesabu: 784 kwa 20 ni 39.2, jumlisha 1.25, unapata 40.45. Hiyo ni nusu ya kipenyo. Gurudumu lenyewe basi lilikuwa na kipenyo cha sentimita themanini na kitu.

Gurudumu la chuma la kimo hicho, linalobanwa na chuma, hatua sabini kutoka relini. Kilikuwa kipande cha breki cha behewa, kile kinachobana gurudumu treni inaposimama. Vipande hivi hulika, huvunjika na kuanguka, na kando ya Reli ya Kati havikosekani.

Hatua ya saba: herufi na nyuzi

Herufi zilizotokeza juu zilitoka na kalibu au rola. Herufi zilizozama ziligongwa baadaye. Reli huandikwa ubavuni jina la kiwanda na mwaka, mara nyingi na mwezi. Maganda ya risasi huandikwa kitakoni. Ganda tupu lipime urefu: la bunduki ya Mwingereza ya Vita Kuu ya Kwanza ni milimita 56 na kitako chake kina ukingo uliotokeza, la Mauser ya Mjerumani ni 57 bila ukingo uliotokeza, la bunduki yake ya zamani ya baruti ya moshi, waliyobeba askari wengi mwaka 1914, ni nene, milimita 60, mdomo wake mpana karibu milimita 11.

Kwenye bolti, hesabu nyuzi ndani ya milimita 25.4, yaani inchi moja. Idadi ikikaa sawasawa kama 8, 10 au 12, una uzi wa inchi. Hapa wengi husema papo hapo: ni ya Mwingereza. Si lazima. Viwanda vya Ujerumani vya wakati ule navyo vilitumia sana nyuzi za inchi. Bolti peke yake haitoshi kukupa taifa.

Hatua ya nane: linganisha na mambo ya hapa

Ukishajua madini na kazi, uliza nani alifanya kazi hiyo mahali hapo. Kwa mikoa yetu miwili, Tabora na Kigoma, majibu hayako mengi.

Reli ndiyo mama wa vyuma vingi. Ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ukikuta bamba refu lililokunjwa kama mfereji uliofudikizwa, ncha zake zimeinama chini, hilo ni taruma la chuma. Bamba nene lenye matundu manne mstarini ni la kuunganishia reli. Chuma kilichopinda kama shingo ya kuku, kina uzi nchani, kilishika kikombe cha kauri cha waya wa simu. Na nisisitize: vya reli ni mali ya umma, hata vikiwa vimetelekezwa porini. Mpelekee taarifa mkuu wa stesheni. Kuviuza kumewafikisha vijana wengi mahakamani.

Urambo kuna la kwake. Ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulikuwa na maeneo matatu, Kongwa, Nachingwea na Urambo, na miongoni mwa matrekta ya mradi mlikuwa na Shervick, yaliyoundwa na Vickers kutokana na vifaru vya Sherman. Kwa hiyo pingu ya mnyororo wa kifaru ikionekana kwenye shamba la tumbaku, usianze kusimulia vita.

Kigoma kando ya ziwa utakuta ribiti na mabamba ya meli. Meli iitwayo leo Liemba ililetwa kutoka Ujerumani vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 injini zikiwa zimepakwa grisi nene, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Ribiti moja, lakini, haikuambii ilitoka chombo gani.

Kuna vya kale zaidi. Wanyamwezi na Waha walifua chuma kabla ya reli, na jembe la chuma lilitolewa mahari. Mabonge meusi mazito yenye mapovu, pamoja na vipande vya bomba la udongo lililoungua, ni mabaki ya tanuri. Wengi huyadhania vimondo. Kimondo cha chuma, kama kile cha Mbozi, hakina mapovu, ni kizito karibu 7.8 na sumaku huking'ang'ania.

Hatua ya tisa: anayetaka kununua

Yeyote anayedai fedha kwanza ili akupimie, ni mwizi. Sina neno laini la kusema. Zebaki nyekundu yenye nguvu za ajabu haipo, wala haikai ndani ya cherehani, redio au risasi ya kale. Rupia inayovuta mchele ni mchezo wa mikono. Rupia halisi ya fedha ya Ujerumani ya Afrika Mashariki haivutwi na sumaku, ina uzito wa gramu 11.6 hivi. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, iligongwa hapa hapa Tabora mwaka 1916, ina herufi T, uzito gramu 7 na kidogo. Sarafu za shaba za heller 20 zenye T ni nyingi zaidi na ndizo watu huziokota. Anayekuuzia ramani ya hazina ya Mjerumani angeichimba mwenyewe. Makaburi ya wazee wetu yamevurugwa kwa ramani hizo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakitambua kitu kilichotengenezwa na mtu kabla ya 1863 kuwa urithi unaolindwa, nawe unapaswa kutoa taarifa. Pa kuanzia ni ofisi ya kijiji, au afisa utamaduni wa halmashauri. Wa Kigoma mnayo makumbusho Ujiji, sisi tunayo Kwihara.

Hatua ya kumi: rudi shambani

Kipande cha breki kilikuwa kimeshajulikana, lakini hatua sabini zilinisumbua. Kinachoanguka kwenye behewa hubaki kwenye tuta. Tukakigeuza tena kwa tochi. Pembeni mwa tumbo lake laini kulikuwa na vishimo vingi vya nyundo, vimerundikana upande mmoja, juu ya mng'ao wa gurudumu. Vilikuja baadaye. Mtu alikibeba akakifanya fuawe, yaani chuma cha kufulia vyuma vingine juu yake.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Usoke na daftari. Pale kilipotoka, kina kilekile cha kiganja, palikuwa na udongo mweusi wa mkaa, vibonge vya mavi ya chuma na kipande cha springi ya gari kilichokatwa kwa patasi ya moto. Bibi wa nyumba ya pili alipoulizwa alisema baba mkwe wake alikuwa akifua majembe na visu hapo, chini ya mti ambao sasa haupo.

Tulipiga picha, tukafukia mkaa kama ulivyokuwa, na mpwa wangu akaenda kumweleza mtendaji wa kijiji. Chuma chenyewe amekifunga karatasi ndani ya mfuko wa plastiki: tarehe, nukta ya ramani, kina, hatua sabini kutoka relini, jina la aliyekiona. Nawe fanya hivyo siku hiyohiyo, kwa kalamu ya risasi, maana wino wa kalamu nyingine huyeyuka unyevu ukiingia.